Kifundo cha Mwanzi Hakirandwi, Hupashwa Moto

Yeyote aliyesafiri kati ya Moshi na Arusha aijua Bomang'ombe. Ni mahali pa njia panda. Upande wa juu barabara yapanda kwenda Sanya Juu. Upande wa chini nchi yateremka, yawa kavu na yenye joto, mpaka Rundugai na mto Kikuletwa. Maji ya mlimani nayo huteremka vivyo hivyo. Mito ya Weruweru, Kikafu na Sanya hutoka Kilimanjaro, na mwisho wake maji yake huingia Kikuletwa. Na Kikuletwa huyapeleka katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Ndiyo sababu watoto wetu, ingawa wamezaliwa mbali na bahari na mbali na maziwa makubwa, wengi wao huijua ndoana kabla ya kujua kusoma.

Mmoja wa wavuvi hao yumo nyumbani mwangu. Ni mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 13. Shule zilipofungwa alinisihi nimtengenezee fimbo ya kuvulia iliyo bora kuliko ufito wake wa siku zote, ambao ulikuwa mzito na umepinda. Mimi si mvuvi, lakini randa naijua kidogo. Nikapasua mwanzi, nikapata papi, nikaziranda zikawa laini kama kioo, hasa kwenye vifundo, maana hapo palikuwa na manundu yaliyonichukiza macho. Nikaziunga kwa gundi, nikazizungushia uzi. Majirani walioiona fimbo ile waliisifu, nami nikajiona fundi.

Siku ya tatu kijana alirudi jioni na nusu ya fimbo. Kambale mkubwa alikuwa amenaswa. Alipomvuta kumleta ukingoni, fimbo ilikatika kwa mlio, na samaki akaenda zake na ndoana, mshipi na nusu ya fimbo. Nyumbani bibi yake alikuwa amekwisha kubandika sufuria, maana mjukuu alimwahidi kitoweo tangu asubuhi. Nilikasirika, nikamkaripia mbele ya bibi yake: "Kitu cha siku tatu umekwisha kukivunja!" Akanijibu polepole, "Baba, sikuivuta kwa fujo. Imekatika yenyewe, hapa kwenye kifundo." Sikumsikiliza.

Kesho yake nilichukua kile kipande, nikampelekea mzee mmoja jirani yetu, seremala wa siku nyingi ambaye sasa macho yake yamepungua nguvu lakini vidole vyake havijasahau kazi. Kijana nilikwenda naye. Baada ya kumwamkia shikamoo, mzee alipapasa mahali palipovunjika, akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mwanao hana kosa," akasema. "Fimbo hii ilivunjika hapa hapa Bomang'ombe, kabla haijafika mtoni. Aliyeivunja ni wewe na randa yako."

Wasomaji, maneno hayo yaliniingia. Niliyojifunza kwa mzee yule, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayowaandikia leo. Yatamfaa mzazi mwenye kijana apendaye kuvua, na kijana atakaye kazi ya mikono katika siku za likizo.

KIFUNDO NI NINI?

Chukua kipande cha mwanzi kilichokatwa kwa msumeno, ukitazame kichwani. Utaona vinukta vingi vyenye rangi iliyoiva. Karibu na ganda vimesongamana kama watu sokoni, na kwa ndani vimeachana. Kila kinukta ni kichwa cha nyuzi zinazokwenda na urefu wa mwanzi. Nyuzi hizo ndizo nguvu yake. Sehemu nyingine ni nyama laini tu inayozishika pamoja. Basi nguvu ya mwanzi iko nje, karibu na ganda, wala haiko ndani.

Kati ya kifundo na kifundo nyuzi hizo hunyooka kama kamba iliyokazwa. Zikifika kwenye kifundo hupinda. Nyingine huingia ndani kwenye kile kiwambo kinachoziba tundu la mwanzi, nyingine huvimba kwenda nje, halafu huendelea na safari. Lile nundu tunaloliona juu ya kifundo si takataka iliyojibandika; ni nyuzi zenyewe zikipita. Ukiliranda likawa sawa na pande zake, umezikata. Fimbo itang'aa, lakini mahali pale imebaki nyama bila mishipa. Siku samaki mzito atakapoikunja, itakatika hapo hapo.

Basi twafanyaje? Nundu haliwezi kubaki lilivyo, kwa maana papi zenye manundu hazilali pamoja wala gundi haizishiki. Dawa yake ni moto. Mwanzi ukipata joto la kutosha, kile kitu cha asili kinachogandisha nyuzi zake pamoja hulainika. Kwa muda mfupi waweza kuzisukuma nyuzi mahali pengine bila kuzikata. Ukipoa, hugandamana tena mahali pale ulipoziweka.

UFUNDI HUU SI MGENI KWETU

Fimbo za kuvulia za papi zilizounganishwa zilipata sifa kubwa Marekani katika karne ya 19. Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa mji wa Easton katika jimbo la Pennsylvania, anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzitengeneza, katika miaka ya 1840. Baadaye fundi mwingine, Hiram Leonard, alizieneza fimbo za papi sita, zenye pembe sita kama sega la nyuki. Mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka China, katika jimbo la Guangdong. Mwaka 1931 mtaalamu wa mimea Floyd McClure aliupa jina la kitaalamu lenye maana ya "wa kupendeza". Katika miaka ya 1950 Marekani ilipokataza biashara na China, mwanzi huo haukupatikana tena huko, na fimbo za nyuzi za kioo zikajaa madukani. Hata hivyo wako mafundi mpaka leo, huko ng'ambo, wanaokaa mbele ya moto na kunyoosha kifundo kimoja kimoja.

Katika Afrika Mashariki fimbo hizo zilikuja na Wazungu. Mwaka 1905 waliweka samaki waitwao trauti katika mto wa baridi wa milima ya Nyandarua, Kenya, ili wapate kuwavua kwa burudani. Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha kuzalisha samaki hao huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Lakini ufundi wa kunyoosha kwa moto wenyewe haukuletwa na mgeni. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, magharibi ya Arusha, hunyoosha vijiti vya mishale yao kwa kuvipasha moto na kuvikunja kwa mikono na meno, huku wakikodoa jicho moja kutazama kama vimenyooka. Na hapa Bomang'ombe, mchungaji akitaka fimbo yake ikae sawa huipitisha motoni, akaikandamiza juu ya goti. Mzee wetu alisema, "Nyote mnaijua elimu hii kwenye fimbo ya ng'ombe, ila mnaisahau mkishika randa."

MWANZI UPI UFAAO?

Jambo moja huwashangaza wageni: Kilimanjaro, pamoja na ukubwa wake, hauna ukanda wa mianzi kama ule wa Mlima Meru, Mlima Kenya au Nyandarua. Mianzi tunayotumia huku ni ile iliyopandwa kando ya mito, mifereji na nyumba, na mwingi ni ule wa manjano wenye michirizi ya kijani. Haulingani na ule wa China, kwani nyuzi zake ni chache zaidi na mara nyingi umepinda. Kwa hiyo fimbo yake lazima iwe nene kidogo. Lakini watosha kabisa kwa perege na kambale. Ya misitu ya hifadhi msiiguse pasipo ruhusa.

Tafuta mwanzi wenye miaka mitatu au zaidi. Mchanga hujulikana kwa kung'aa, na kwa yale maganda makavu ambayo bado yameushika. Uliokomaa rangi yake imefifia, una madoadoa ya ukungu, na ukiugonga kwa mgongo wa panga hutoa mlio mkavu. Uwe mnene wa sentimita 5 hivi, na ukuta wake uwe mnene pia.

Ukate wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua mwanzi umejaa utamu. Wenzetu wa Iringa na Njombe wajua sana, maana hapo ndipo wanapogema ulanzi katika machipukizi ya mianzi yao. Utamu huo dumuzi huupenda, na mwanzi uliokatwa ukiwa nao hugeuka unga katika miezi michache.

Ukisha kuukata, upasue ufa mmoja upande mmoja, toka juu mpaka chini, bila kuutenganisha. Ukikauka utajifungua kwenye ufa ule, wala hautapasuka ovyo. Kisha uanike kivulini kwa wiki kadhaa. Wenye dari juu ya meko wana bahati, kwani moshi huukausha na kuwafukuza wadudu.

KUPASUA PAPI

Mwanzi haupasuliwi kwa msumeno. Msumeno hufuata mkono wa mtu. Kisu hufuata nyuzi za mwanzi. Weka kisu kipana kwenye kichwa cha mwanzi, gonga kwa nyundo ya mti, halafu kizungushe kidogo, ufa utakimbia wenyewe. Gawanya vipande viwili, kisha sita, kisha kila kimoja vinne. Mwanzi wa sentimita 5 utakupa papi 24, kila moja ina upana wa milimita 6 hivi.

Ufa ukianza kuhamia upande mmoja na kuufanya upapi kuwa mwembamba, usiongeze nguvu. Shika ule upande ulio mnene, uukunje zaidi kuliko mwenziwe. Ufa utarudi katikati. Kisha kwa patasi ondoa kile kiwambo cha ndani. Upapi sasa una pande mbili za kukumbuka: upande wa ganda, ambao ni mtakatifu kwa fundi, haurandwi, na upande wa nyama, ambao waruhusiwa kuuranda utakavyo.

Ukizitazama papi zako utavunjika moyo. Kila moja imekwenda upogo kama njia ya mbuzi, na kila upogo uko kwenye kifundo. Usitupe. Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

KULALISHA NUNDU

Andaa mambo matatu. Kwanza, makaa yaliyoiva katika jiko, yasiyo na mwali wala moshi. Pili, jiliwa ya kubania. Asiye na jiliwa achukue gogo la mti mgumu, alikate mfuo wenye kuta zilizonyooka, na achonge kabari mbili za mti huo huo. Upapi utawekwa katika mfuo, na kabari zitaubana. Tatu, beseni la maji. Papi zikilowekwa siku mbili au tatu, joto huingia vizuri zaidi na haziungui upesi.

Kabla ya moto, fanya kazi mbili ndogo kwa tupa. Juu ya kifundo, upande wa ganda, kuna ukingo mwembamba uliosimama kama mdomo, mahali ganda kavu lilipokuwa limeshika. Huo ndio peke yake uwezao kuondolewa, na kwa mkono mwepesi. Ukiona nyuzi zinaanza kutokeza, umekwisha kupita kiasi. Kisha geuza upapi, na upande wa nyama, chini ya lile nundu, chimba kijibonde kidogo. Hii ndiyo siri aliyonionyesha mzee. Nundu likishindiliwa kutoka juu lazima lipate mahali pa kwenda. Kijibonde kile ndicho kitanda chake.

Sasa shika upapi kwa mikono miwili, upitishe kifundo juu ya makaa kwa umbali wa upana wa kiganja. Upande wa nyama ndio utazame moto zaidi, kwa sababu ganda huungua upesi. Usiusimamishe mahali pamoja. Uupeleke mbele na nyuma, uugeuze, kama mtu achomaye hindi la mtoto mdogo. Huku ukiupasha, ujaribu kwa vidole kuukunja kidogo sana. Mwanzoni utakukatalia. Baada ya nusu dakika au zaidi, kwa kadiri ya moto wako, utasikia ukatao ukiisha ghafula, upapi ukalegea mkononi. Huo ndio wakati wake. Ukisubiri uone moshi au rangi ya kahawa iliyokaangwa, umechelewa. Upapi ulioungua ni mkavu kama biskuti.

Utie katika jiliwa mara moja, ganda upande mmoja na nyama upande wa pili, na ubane mpaka nundu lilale. Halafu usifanye kitu. Mimi hapo ndipo niliposhindwa mara nyingi. Kila nikihesabu mpaka 20 nilifungua ili nitazame, na kila nikifungua nundu liliinuka tena mbele ya macho yangu. Mzee alinishika mkono: "Moto haunyooshi, moto hulainisha tu. Kinachonyoosha ni kupoa katika mahali pa haki." Basi acha dakika moja au mbili, mpaka ukigusa karibu na kifundo usisikie joto. Ndipo ufungue.

KUNYOOSHA UPOGO

Nundu likisha kulala, watazama ubavu. Inua upapi mbele ya jicho moja kama mtu alengaye shabaha, uelekeze kwenye mwanga wa mlango. Upogo wa kifundo utauona kama kiwiko cha mkono. Pasha tena, mara hii mbavu zote mbili, na ubane kwa ubavu. Ikiwa pindo ni kali, likunje kwa mikono lipite kidogo upande wa pili kabla ya kulibana, maana mwanzi una tabia ya kurudi nyuma kidogo kama mtu aliyekubali shauri kwa shingo upande.

Kubana ubavu huweza kuinua nundu tena, na kulalisha nundu huweza kuvimbisha ubavu. Usikate tamaa. Rudia moja, kisha jingine, kila mara kwa kidogo. Mapindo marefu, yaliyo kati ya kifundo na kifundo, ni mepesi. Pasha mahali parefu, unyooshe kwa mikono juu ya meza, ushikilie mpaka papoe.

Msomaji atauliza, kazi hii yachukua muda gani? Tufanye hesabu. Fimbo ya mita 3 ya vipande viwili yahitaji papi 12, kila moja ya mita 1.5. Ikiwa vifundo vimeachana sentimita 30, kila upapi una vifundo 5, jumla 60. Kwa dakika 3 kila kimoja, ni saa 3 mbele ya makaa, kwa mtu aliyekwisha kuzoea. Kwa anayejifunza ni jioni tatu au nne. Sisi tulitumia tano, na papi nne tuliziunguza. Ndiyo faida ya kupasua 24.

YALIYOBAKI

Yaliyobaki ni kazi ya seremala, sitayaeleza kirefu. Kila upapi huwekwa katika kalibu, yaani mti mgumu wenye mfereji wa pembe tatu zilizo sawa, na kurandwa upande wa nyama tu mpaka uwe na pembe tatu, mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni. Papi sita zikikutanishwa, ganda nje, hufanya fimbo moja yenye pembe sita. Zipangwe hivi kwamba vifundo vya papi zilizo jirani visikutane mahali pamoja. Paka gundi isiyoharibika kwa maji, funga kwa uzi toka mwanzo mpaka mwisho, na kabla gundi haijakauka itazame tena kwa jicho moja na kuinyoosha. Gundi ikisha kukauka ondoa uzi, piga msasa kidogo, paka vanishi. Vipande viwili huungwa kwa mrija wa shaba.

Asiyetaka kazi yote hiyo achukue mwanzi mwembamba mzima na kuunyoosha kifundo kwa kifundo kwa njia ile ile. Lakini ajihadhari: hewa iliyofungwa ndani ya pingili ikipata moto hutanuka, na mwanzi hulipuka kama bunduki. Kwanza toboa viwambo vyote kwa chuma kirefu, au toboa tundu dogo katika kila pingili.

Hatari nyingine ni makali ya papi. Ukingo wa upapi uliopasuliwa sasa hivi hukata kama wembe. Mtoto avae kitambaa kizito mkononi, na vumbi la msasa asilivute puani. Na fimbo ikisha kuwa tayari, mtoto asiende mtoni peke yake. Katika Kikuletwa na Nyumba ya Mungu mamba wako. Tena, kabla ya kuvua bwawani, muulizeni afisa uvuvi juu ya leseni na taratibu za mahali, maana bwawa lile limeumizwa sana na nyavu za macho madogo zinazobeba hata vifaranga vya samaki. Ndoana moja na fimbo moja haziwezi kufanya uharibifu huo.

FIMBO YA PILI

Tuliimaliza fimbo ya pili siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Vifundo vyake vyaonekana, vina rangi iliyokolea kidogo kwa moto, na ukivipapasa wavisikia chini ya vidole. Hakuna jirani aliyeisifu. Lakini mzee aliikunja mpaka ncha yake ikakaribia kugusa mshikio, akaiachia, nayo ikanyooka mara moja, ikatetemeka kidogo na kutulia. Akamrudishia kijana bila kusema neno, na kijana akafahamu.

Jumamosi tuliteremka wote wawili mpaka Kikuletwa. Yule kambale mkubwa hatukumwona. Tulipata perege wawili na kambale mmoja wa kiasi, aliyeikunja fimbo kama upinde kwa muda mrefu. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ndiye niliyefumba macho, mwanangu hakufumba. Fimbo haikukatika.

Jioni ile bibi yake alibandika sufuria kwa mara ya pili. Tulipokwisha kula nilimwambia mwanangu, mbele ya bibi yake, mahali pale pale nilipomkaripia: "Siku ile ulisema kweli, nami sikukusikiliza. Nisamehe." Alicheka kwa haya, akainama, akaendelea kuchambua miiba. Lakini kesho yake asubuhi, bila kuitwa, alinijia karakanani, akaniuliza kama anaweza kushika randa.

Wazazi wenzangu, kila mtoto ana vifundo vyake. Kwa mmoja ni hasira, kwa mwingine ni uvivu au ukaidi. Hamu yetu ya kwanza ni kuchukua randa na kukwangua, ili majirani watusifu kwa mtoto laini. Mzee wetu hakunifundisha malezi, alinifundisha mwanzi tu. Lakini tangu siku ile, nikiona mkono wangu unataka kwenda haraka, nakumbuka jiliwa yake na neno lake la mwisho alipokuwa akituaga mlangoni: "Pasha polepole, bana sawasawa, na usifungue kabla hakijapoa."